Ana Kifua

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama mzima, na ile mashine ya kusaga haijawafanyia visa tena. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Karakana yao imepata kazi nyingi ya kushona sare za shule, kila jioni anarudi na vipande vya uzi kwenye nywele na hana habari. Mimi bado niko studio, napiga watu picha za vitambulisho na kuwaambia wanyooshe shingo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu husikii, na ujumbe ukitumwa unampa mama akusomee. Jambo hili si la mama. Nakuomba pia usome kimoyomoyo. Najua wewe unajiona unasoma kimya, lakini tangu mashine imalize masikio yako, wewe barua husomi, unaitangaza. Mara ya mwisho jirani yenu alinipigia kunipa pole ya jino ambalo nilikuwa nimekwambia wewe peke yako.

Basi ni hivi. Nywele zangu zinaondoka. Zilianza utosini, sasa zinarudi nyuma kutoka usoni kama zimeitwa na mtu. Baba alizikwa na nywele zake zote, kwa hiyo hapa hakuna kesi: upara huu ni wa kwa mama, yaani ni wako. Pale studio tuna kioo cha wateja na kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibiwe. Siku nzima kazi yangu ni kungoja watu wachane nywele. Juzi binti mmoja wa chuo aliniambia, "Mzee, nikae hapa?" Nina miaka thelathini na minne.

Nimeanza kumeza vidonge. Kuna muuza dawa hapa mtaani, anasema vinazuia zisitoke na baada ya miezi zinaota nyingine. Kimoja kila asubuhi. Kila Jumatatu najipiga picha ya utosi nione kama kuna mabadiliko, na naona kama kuna vinyweleo vya kifaranga. Mke wangu hajui, anadhani ni vitamini. Nakuuliza wewe uliyepita njia hiyo: ulipoanza kutoka upara ulifanya nini? Na una kifua cha kukaa na hili bila kulimwaga?

Mpwa wako


26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imekawia kwa sababu dereva wa lori la unga aliikalia. Simaanishi aliichelewesha, aliikalia kweli, ilikuwa chini ya kiti na imefika inanuka dizeli. Sisi wazima. Mashine inanguruma, wanavyosema. Mimi naiona tu ikitetemeka na unga ukishuka. Mama yako mzima, amegombana na kuku wa jirani na ameshinda.

Umeuliza nilifanya nini. Nilinunua kofia. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniona na nywele, akaniona bila nywele, na hakurudi kwao. Ndiyo historia nzima ya upara wangu, hakuna sura ya pili.

Hivyo vidonge sijavipenda. Mtu unaumwa nini? Unameza dawa kila asubuhi kutibu sura ya mjomba wako. Nani amekupima? Muuza dawa amekuangalia utosini akakupa pakiti kama anakupa kiberiti. Ndani ya pakiti huwa kuna karatasi imekunjwakunjwa, ina maandishi ya mdudu. Isome yote, usisome pale tu panaposema nywele zitaota. Ukiona mwili unabadilika, acha siku hiyohiyo, uende kwa daktari mwenye koti.

Usiwe na wasiwasi wa siri. Kifua ninacho. Nimeisoma kimya kabisa, midomo tu ndiyo ilikuwa inacheza.

Mjomba wako

Mama yako anasema acha hivyo vidonge.


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na kazi. Ahsante kwa kifua chako. Mama amenipigia mara tatu, na mara ya tatu alitaka kujua kama vidonge ni vya mviringo.

Habari za hapa ni za kawaida. Studio tumebadilisha kitambaa cha nyuma, cha zamani kilikuwa kimegeuka rangi na wateja walitoka kama wana homa ya manjano. Mke wangu mzima. Anaongea kidogo siku hizi, kazi inamchosha.

Nimeisoma ile karatasi. Nilikaa nayo chooni kazini, na taa ya simu. Imeorodhesha mambo ambayo dawa inaweza kumfanyia mwanamume, na inasema si kila mtu yanampata. Mimi yamenipata. Siwezi kuyaandika yote, kwa sababu nikiyaandika utayasoma, na ukiyasoma mama atayasikia, na kuna mambo mtu haandiki mbele ya mama yake. Niseme tu kwamba chumbani kwangu nageukia ukutani. Mke wangu mwanzoni aliuliza, sasa haulizi. Naogopa sana, Mjomba. Nilitaka nywele ili nionekane kijana, na sasa mambo ya ujana ndiyo yamenikimbia.

Halafu kifua nacho kinanisumbua, upande wa kushoto. Karatasi imelitaja hilo pia.

Nimeacha vidonge tangu jana. Wanasema dawa huchukua muda kutoka mwilini. Nangoja.

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikosesha raha. Mambo ya chumbani tuyaache kwanza, hayo yakingoja hayaui. Umesema kifua. Kwa nini umelitupa neno hilo mwishoni kama mtu anayesahau kofia?

Labda hukuambiwa vizuri. Bibi yako, mama yetu, alikufa kwa kifua. Mimi nilikuwa mbali, nilikuwa nimeajiriwa kwenye machimbo ya kokoto, na habari ilinifikia wameshazika. Mama yako ndiye aliyemuuguza. Sijui aliteseka vipi, kila nikiuliza dada anasema, "Kifua tu." Kwa hiyo ukinitajia kifua, mimi nasimama.

Nenda ukapimwe makohozi. Nenda upigwe picha. Usikohoe mbele ya mkeo, tumia kitambaa, uwe na kikombe chako. Ugonjwa huo una dawa sasa, watu wanapona kabisa, lakini hauchezewi. Na madirisha ya chumba uyafungue.

Mama yako nimemwambia. Usinikasirikie, hilo si la kuficha. Aliweka chini ungo aliokuwa nao. Baadaye akaingia ndani. Hajala mchana.

Mjomba wako


7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sikukasirika. Nilikwenda zahanati kama ulivyoagiza.

Daktari ni binti, nadhani amemaliza shule juzi, ana hereni ndogo na anaita kila mtu mzazi. Nikamwambia kifua kinanisumbua. Akaniwekea kipimo mgongoni, akasema vuta pumzi, kohoa. Nikajaribu kukohoa. Makohozi yakapimwa, picha ikapigwa, mapafu safi kama ya mtoto. Akanipa dawa ya maji ya kikohozi na kuniambia nipunguze vumbi. Kuhusu vidonge sikumwambia. Wala hakuniambia nivue shati, na mimi sikujitolea.

Sasa nakuandikia hili na nakusihi ulisome ukiwa peke yako, hata kama ni kwenda nyuma ya mashine inapofanya kelele. Kifua ninachosema si cha kukohoa. Kuna kitu kigumu upande wa kushoto, chini ya ngozi, mahali ambapo mwanamume hapaswi kuwa na kitu. Mwezi wa tatu kilikuwa kama harage. Sasa ni kikubwa kuliko hapo, na ile chuchu imeingia ndani kama kitufe kilichobonyezwa. Wakati mwingine shati linapata doa.

Lakini usishtuke, kwa sababu najua ni nini. Karatasi ya vidonge imesema kabisa kwamba dawa inaweza kumvimbisha mwanamume hapo. Ni dawa, basi. Na dawa nimeshaiacha, na yale mambo mengine ya chumbani yameanza kurudi, sina budi kukuambia hilo nalo. Kwa hiyo hiki nacho kitaondoka, ni zamu yake tu haijafika. Karatasi inasema pia ukiona uvimbe umwambie daktari. Nimwambie nini, Mjomba? Kwamba nimemeza dawa ya urembo na nimeota kitu cha kike? Nimvulie shati yule binti?

Mke wangu amenitengea kikombe, cha bluu. Hakusema kitu, nilikikuta tu. Na mashati yangu anayafua mapema, kabla sijaamka. Nadhani amenichoka na anatafuta kazi za kufanya asikae na mimi.

Mama asijue.

Mpwa wako


1 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Sijapata jibu lako. Lori la unga limekufa injini, limelala gereji ya huko mjini, na dereva anasema barua zote zimo ndani pamoja na koti lake. Hii nampa mwalimu anayesafiri.

Makohozi yamesemaje? Mama yako aliongea na mkeo kwa simu mwezi ule wa tano. Alimwambia, "Mume wako ana kifua. Usimuulize, ataona aibu, wanaume wa kwetu hawapendi kuulizwa. Mpe kikombe chake tu, na ukiona damu fua bila maneno." Mimi nilimsoma midomo, nikamuuliza damu ya nini, akasema watu wa kifua hutema damu. Mkeo ni mtoto mzuri. Dada anasema alijibu, "Sawa mama."

Andika upesi.

Mjomba wako


20 Agosti

Mpwa wangu,

Barua yako ya mwezi wa sita imefika leo. Nimeisoma mara mbili nyuma ya mashine, mlango nimeukomea, wateja wanagonga. Wagonge.

Leo sina utani. Mahali unapopazungukazunguka kwa maneno pana jina. Ni titi. Mwanamume naye analo, Mungu alituwekea na hakutuuliza. Umekwenda kwa daktari ukasema kifua, akakutibu kifua. Ungesema mguu angekutibu mguu. Na mimi umeniambia kifua, nikakutisha na makohozi, nikakupotezea miezi.

Hizo habari za zamu yake haijafika sizitaki. Mambo mengine yamerudi, hili limekua. Linalokua halitoki. Sijui ni dawa au si dawa, na wewe hujui, na karatasi haijui, karatasi haijakuona. Rudi kwa yule binti kesho. Ukiingia, kabla hujasema neno, vua shati. Halafu mwambie vidonge, jina lake, tangu lini mpaka lini. Aibu iache nje na viatu.

Nenda na mkeo. Hajakuchoka. Anafua damu anayodhani unaitema usiku, na amekatazwa kuuliza.

Mjomba wako


24 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Lori limepona, kwa hiyo hii itakufikia haraka. Natumaini nyote wazima.

Nilivua shati. Yule binti hakucheka. Aliacha kuniita mzazi, akapiga simu mbele yangu, na kesho yake tulikuwa hospitali kubwa, mimi na mke wangu. Wakanipiga picha nyingine, wakachoma sindano na kutoa kinyama wakapime. Tukangoja. Studio nilisema nina msiba, sikujua niseme nini kingine.

Ni saratani, Mjomba. Ya titi. Imeshafika kwapani. Nitapasuliwa tarehe ishirini na moja mwezi ujao, wanaondoa upande wote. Baadaye nitawekewa dawa za mshipa, na daktari bingwa akanitazama kichwa akasema nywele zilizobaki zitatoka zote. Nikamwambia sawa. Nilimuuliza kama ni vile vidonge vimeleta. Akasema hawezi kuniambia ndiyo wala hapana, ila uvimbe mgumu wa upande mmoja hauachiwi hata kama mtu amekula nini, na kama ningekuja ungali kama harage tungekuwa na mazungumzo mengine. Alisema taratibu, hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Kila kilichonipata mwaka huu nilivisingizia vile vidonge. Niliviogopa mpaka nikaacha kuogopa kitu kingine.

Mke wangu alikuwa amekaa kando yangu. Daktari alipouliza doa la damu lilianza lini, mimi nikasema mwezi wa sita. Yeye akasema, "Hapana. Mwezi wa nne. Kabla hata sijapigiwa simu na mama." Nikageuka. Akaniambia, "Nilidhani unatema damu nikiwa nimelala. Nilikuwa nakungoja uniambie." Alikuwa ameyafua yote kwa maji baridi, Mjomba, na kuyapiga pasi. Tulilia pale mbele ya daktari wa watu. Kile kikombe cha bluu amekitupa.

Kisha daktari akauliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua titi, mama, bibi, shangazi. Anasema wakati mwingine hutembea kwenye damu, hata kwa wanaume. Nikamwambia hakuna. Bibi alikufa kwa kifua tu. Akaandika hakuna.

Mama usimwambie mpaka nipasuliwe. Nakuomba mara moja tu katika maisha yako uwe na kifua kweli.

Mpwa wako


9 Oktoba

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima na sikusaga hata debe moja. Salamu nitazileta mwenyewe.

Nilikusudia kukutii. Nilitaka kufunga mdomo mpaka ufunguliwe nyuzi. Lakini lile swali la daktari halikuniachia nafasi ya kukaa. Jioni nikamkuta mama yako uani anachambua maharage. Sikutaja jina lako. Nilimuuliza tu, "Dada, mama alikufa kwa nini?"

Akasema kifua. Nikamsoma midomo. Nikamwambia, "Kifua cha kukohoa?" Akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Ni la kushoto?"

Ameshajua, mpwa wangu. Labda alijua siku ile aliyokataa kula. Ameniambia mama yetu alioza upande mmoja, chumba cha nyuma, na wazee wakaagiza mtu akiuliza aambiwe kifua, kwa sababu lile neno si la kutajwa kwa mama wa watu. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, akaambiwa aseme hivyo. Akasema hivyo kwangu nilipotoka machimboni, akasema hivyo kwa baba yako, akasema hivyo kwenu. Na kwa mkeo.

Halafu alisema jambo jingine na mimi sikulisikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo sikuiona. Nikamwambia rudia. Akarudia, sikusikia. Nikamsogezea sikio la kulia lenye uhai kidogo, sikusikia. Nikamwambia kwa hasira, "Dada, paza sauti, unajua mimi ni kiziwi." Basi akapaza. Akalipigia kelele neno ambalo hajawahi kulitamka maisha yake yote, mpaka jirani akasimama na ufagio mkononi, mpaka mtoto wa jirani akatoka nje.

"Titi," alisema. "Na mimi ninalo."

Analo tangu mavuno yaliyopita. Ndiyo maana anabeba ndoo kwa mkono mmoja, na mimi nikidhani ni jeuri. Alikuwa anangoja wewe upone kifua kwanza.

Mrudie yule daktari bingwa, mwambie palipoandikwa hakuna pafutwe. Hii inatangulia na yule mwalimu, sisi tunapanda lori Jumatano. Dereva ametuwekea godoro nyuma ya kiti, kwa ajili yake. Uliza hospitali wanaanza kupokea wagonjwa saa ngapi, na wakikuuliza mgonjwa ni nani, sema ni wewe na mama yako.

Mjomba wako